Msumari Abadilisha Uamuzi

Uwanja wa nyuma ya soko ulikuwa na kelele zile zile za kila Jumamosi: mpira ukigonga ukuta, wachuuzi wakiita wateja, mashabiki wakitukanana kwa mapenzi. Kilichokosekana ni kipenga cha mwamuzi mmoja, mwanamke. Waamuzi wengine walipuliza, lakini walipuliza kama watu wanaoomba radhi. Yeye alikuwa akipuliza mara moja, kwa mkato, na uwanja mzima ukaganda. Sasa wachezaji walijikuta wakigeuka katikati ya vurugu kumtafuta kwa macho, halafu wakakumbuka: amejifungua.

Kipenga chenyewe kilining'inia kwenye ndoano ya taulo, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya duka la kunyolea la mumewe. Kilikuwa kimeanza kupata vumbi.

Walimwita Msumari. Jina lilianzia kazini, kwa sababu siku za wiki aliuza misumari, bawaba na rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, lakini lilikomaa uwanjani. Aliwahi kutoa penalti dakika za mwisho, timu nzima ikamzunguka, nahodha akamwambia maneno yasiyoandikika, kocha akatupa kofia chini na kuikanyaga. Yeye akasimama mikono nyuma, macho makavu, akingoja wachoke. Wakachoka. Penalti ikapigwa. "Huyu akishapigiliwa hang'oki," shabiki mmoja akasema, na tangu siku hiyo hata katibu wa chama cha waamuzi alimhifadhi kwa jina hilo kwenye simu yake.

Katibu huyo alikuja kunyolewa siku moja, ligi ikiwa inakaribia. Msumari alikuwa ameketi kwenye kona ya wanawake, ambako wifi yake, dada wa mume, aliwasukia wateja nywele. Mtoto alikuwa kifuani. Nyumba nzima ilimwita Bosi, kwa kuwa alipolia kila mtu alisimama.

"Mwezi ujao tuna mtihani wa mbio," katibu alisema, kidevu kikiwa juu, povu shavuni. "Asiyepita anatoka kwenye orodha ya waamuzi. Lakini wewe pumzika tu mama, lea mtoto. Mechi zako nitampa yule kijana wa miwani."

"Refa wa miwani!" wifi akacheka. "Ndiyo maana mama yake anatukanwa kila wiki."

Msumari hakucheka. "Nitakimbia," alisema.

Katibu alimtazama kupitia kioo. Macho yalishuka mpaka kiunoni, yakapanda haraka kwa aibu. Mtazamo ule ukamuuma Msumari kuliko neno lolote.

"Nitakimbia. Niandike."

"Wifi yangu," wifi akasema, bado mikono ikiwa kwenye nywele za watu, "utakimbia na kaptula ipi? Ile ya zamani siku hizi utaivaa mkononi kama bangili."

Wateja wakaangua kicheko. Kinyozi aliacha mashine hewani, akamtazama mkewe. Alimjua. Neno likishasemwa mbele za watu namna ile, limeshapigiliwa.

Ni kweli kwamba mwili aliotoka nao wodini hakuutambua. Ulikuwa mzito mahali ambapo hapakuwa na uzito, na laini mahali palipokuwa na msuli. Lakini anayedhani alitaka urembo hakumjua. Dukani alikuwa mtu wa kutumwa: leta bawaba, rudisha bawaba, punguza bei. Nyumbani sasa alikuwa wa Bosi. Uwanjani tu ndipo neno lake lilikuwa neno. Nyasi zile chakavu zilikuwa kipande pekee cha dunia ambacho aliwahi kukitawala, na sasa kilikuwa kikimponyoka kwa sababu ya tumbo.

Akaanza na kilichokuwa karibu: sahani yake. Asubuhi chai isiyo na sukari. Mchana tango. Jioni alikizungusha chakula kwenye sahani, akasema ameshiba, kisha akajifunga mkanda wa kubana tumbo mpaka pumzi ikawa fupi. Aliagiza kwa simu majani ya chai ya kupunguza mwili, pakiti yenye picha ya mwanamke mwenye kiuno cha nyigu. Chai ile ilimpeleka chooni mbiombio, naye akajipa moyo kwamba ile nayo ni kazi inafanyika. Kila asubuhi alizunguka soko akikimbia, matiti yamejaa na yanauma, fulana imelowa maziwa, nyota zikimchezea machoni kila alipofika kwenye kona ya wauza ndoo.

Na kilo zilipungua, hilo halikanushiki. Siku kifungo cha kaptula kilipokaribia tundu lake, karibu alie kwa furaha.

Bosi naye alibadilika. Alivuta titi, akaliacha, akalia, akalivuta tena kwa hasira kama mtu anayetikisa mlango uliofungwa. Nepi zilianza kukaa kavu kwa muda mrefu. Mashavu yake, ambayo wifi alizoea kuyabana kila alipopita, hayakuwa tena na cha kubanwa.

"Huyu mtoto anashiba kweli?" kinyozi aliuliza.

"Anakua. Watoto wanaokua hulia."

Msumari aliziona ishara zote. Kuona ndiyo kazi ya refa. Lakini kwa kila ishara alinyoosha mikono yote miwili mbele, kama afanyavyo uwanjani anapoamua kutosimamisha mpira, na mchezo ukaendelea.

Uliosimamisha mchezo ni mshale wa mizani kliniki.

Muuguzi wa zamu, mwanamke mpana mwenye sauti ya mkwaruzo, alimlaza Bosi kwenye mizani, akasubiri mshale utulie, akamnyanyua, akamlaza tena. Mshale ulirudi palepale ulipokuwa mwezi uliopita.

"Mama, mnyonyeshe nikuone."

Bosi alivuta, akaacha, akalia. Muuguzi akasogeza kiti.

"Leo umekula nini?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Chai."

"Na jana?"

Msumari, ambaye hajawahi kuinamisha macho mbele ya timu nzima yenye hasira, aliyainamisha. Akaeleza. Akatoa ile pakiti kwenye mkoba. Muuguzi aliisoma kwa mkono ulionyooshwa mbali, kisha akaitia kwenye droo yake na kuifunga.

"Hii basi. Inakuharisha, inakukausha maji, na vitu vingine vilivyomo humu hatuvijui. Vingine hupita kwenye maziwa vikamfikia mtoto."

"Kwa hiyo nibaki na mwili huu?"

"Nani kasema? Utapungua. Kunyonyesha kwenyewe kunachoma mafuta uliyojiwekea wakati wa mimba. Ila utapungua polepole. Nusu kilo kwa wiki, hapo umefanya vizuri, na kuna wiki hata hiyo hutaiona. Ukijishindisha na njaa, maziwa yanapungua, wewe unaishiwa nguvu, na huyu ndiye anayelipa. Kula milo yako yote: maharage, mayai, samaki, mboga, matunda. Punguza soda na vya kukaanga. Kunywa maji kila ukisikia kiu. Huo mkanda uuvue, unakunyima pumzi bure. Tembea kila siku, lakini nyonyesha kwanza ndipo utoke. Kukimbia kutakuja; kwanza tuikaze misuli ya chini, maana hapo ndipo alipopita huyu mtoto wako. Na huyu utamleta kila wiki nimpime mpaka nitakapokwambia inatosha."

"Nina mtihani wa mbio, dada. Umekaribia. Nisipokimbia natolewa."

"Hausubiri huo mtihani?"

"Hausubiri."

Muuguzi alimtazama Bosi, aliyekuwa amelala kwa uchovu, kinywa wazi, ngumi imekamata kola ya mama yake. Msumari naye akamtazama. Feni ilizunguka juu yao. Nje mtoto mwingine alikuwa akilia kwa sauti nene ya mtu aliyeshiba, na Msumari akagundua kwamba kilio cha aina hiyo hajakisikia nyumbani kwake kwa siku nyingi.

Alirudi kwa miguu. Katika kanuni za mpira kuna kifungu ambacho wachezaji wengi hawakijui na waamuzi wengi hawapendi kukikumbuka: refa akitambua kwamba amekosea, anaweza kubadilisha uamuzi wake, mradi mchezo haujaanza tena. Msumari alikijua kwa moyo. Alikuwa akiwafundisha waamuzi wapya. Katika miaka yake yote hakuwahi kukitumia hata mara moja, na kutokitumia huko ndiko kulikompa jina. Alitembea akikirudia kichwani, taratibu, kama mtu anayepapasa chumba chenye giza akitafuta mlango anaoujua upo.

Nyumbani kinyozi alikuwa ameinjika maharage. Msumari aliketi mezani, akavua mkanda, akautupa chini ya kiti.

"Nipakulie."

"Kidogo?"

"Kinyozi wewe, nipakulie chakula."

Alipakua. Alisimama na mwiko mkononi akimtazama anavyokula, kisha akapakua tena, na alipoona machozi yakidondokea sahani alisema tu kwamba leo chumvi haikupungua, basi asiiongeze.

Jumamosi katibu alikuja kunyolewa. Duka la kunyolea lilikuwa limefurika. Watu walikaa mpaka kwenye makreti ya soda. Msumari alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma, Bosi begani.

"Katibu, lile jina langu kwenye mtihani. Lifute."

Mashine ilizimwa. Katibu aligeuka na shuka la kunyolea shingoni. "Si uliniambia nikuandike?"

"Nilikwambia. Sasa nakwambia ufute. Mtoto hakuwa anashiba."

"Msumari, nikikufuta unatoka kwenye orodha. Ukirudi utaanza chini kabisa, ligi ya watoto, kama mtu aliyetoka kozi jana."

"Najua."

"Jamani!" mteja mmoja akapiga paja. "Leo Msumari kang'oka!"

Kicheko kikapasuka. Msumari alihisi joto likimpanda usoni, joto ambalo kocha aliyekanyaga kofia hakuweza kumpa. Lakini wifi alikuwa ameshaacha kichwa alichokuwa akikisuka.

"Wewe kichwa kama papai, funga domo. Hujawahi kunyonyesha hata paka, unajua nini?" Kisha, kwa sauti ya chini, bila kumtazama yeyote: "Na mimi na maneno yangu ya bangili."

"Kanuni inaniruhusu," Msumari alimwambia katibu. "Nimekosea, na mchezo haujaanza tena. Nabadilisha. Ila usilitupe jina langu mbali. Nitakuja kulidai."

Ndipo kazi ngumu ilipoanza. Kujinyima ni rahisi. Mtu hukaza meno tu. Kula vizuri kila siku, kutembea kila siku, na kungoja, kulimtaka ukaidi wa aina nyingine. Asubuhi alimnyonyesha Bosi, akamfunga kwa mbeleko, wakazunguka soko wakitembea. Wifi alijiunga nao, akilalamika kuanzia kona ya kwanza mpaka ya mwisho kwamba hakuzaa yeye, iweje aadhibiwe yeye. Kinyozi alijifunza kuchemsha samaki bila kumgeuza uji. Likizo ya uzazi ilipoisha, Msumari alikamua maziwa kwenye stoo ya mabomba, mlango umefungwa, mwenye duka akiwa amekatazwa hata kukohoa karibu. Mazoezi ya misuli ya chini aliyafanya kwenye kaunta, akipima misumari: kaza, shikilia, legeza. Wateja walisema mama huyu ana uso wa kazi kweli.

Mizani yake haikuwa na huruma. Kuna wiki ilishuka kidogo, kuna wiki ilikataa, kuna wiki ilipanda bila sababu. Wiki kama hiyo alisimama mbele ya sahani kwa muda mrefu, akiisikia ile sauti ya zamani ikimwambia asukume sahani kando. Akala. Kwenye mizani ya Bosi, mshale ulianza kutembea, kwanza kwa woga, halafu kama mtu aliyeitwa. Siku muuguzi alipombana Bosi shavu akapata cha kubana, alisema, "Sasa mama anaweza kuanza kukimbia. Kidogo kidogo. Ukisikia maumivu, au mkojo ukikuponyoka, unasimama, unakuja."

Mtihani mwingine ulifanyika ligi ikiwa katikati. Msumari alinunua kaptula mpya, saizi ya mwili aliokuwa nao, akaivaa bila kuvuta pumzi ndani. Alimnyonyesha Bosi kwenye ngazi za uwanja, akamkabidhi kwa wifi, akaenda kwenye mstari. Alikuwa mzito kuliko wote. Kijana wa miwani alimaliza zamani, akasimama pembeni akipiga makofi na kuita, "Twende mama, twende!" Msumari alimaliza wa pili kutoka mwisho, ndani ya muda, mikono magotini, maziwa yamechora duara mbili kwenye fulana yake.

"Umepita," katibu alisema. "Lakini daraja lako..."

"Chini kabisa. Niandike."

Sasa Msumari anachezesha ligi ya watoto, uwanja wa nyuma ya soko, Jumamosi asubuhi. Bado ana kilo kadhaa zaidi ya alizokuwa nazo kabla ya kuzaa. Wakati wa mapumziko huketi kwenye benchi la wachezaji wa akiba na kumnyonyesha Bosi, kisha hupuliza kipenga, na kipindi cha pili huanza.