Mongia na Barua Zisizo na Anwani

Mongia Trigui alichambua barua katika posta ya Sfax, nchini Tunisia, kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna hata moja iliyopotelea mikononi mwake. Alikuwa hachoki kulisema hilo. Alipostaafu akapasuliwa goti, akaambiwa akae miezi miwili bila kupanda ngazi. Binti yake Yosr akamfungia gemu kwenye runinga na kumpa pedi ya kuchezea mkononi.

"Mama, hili wamelitengeneza vijana watatu wa Gabès. Jaribu tu. Likikuchosha, zima."

Gemu lenyewe lilikuwa na vituko. Lilianza kwa kurukaruka juu ya mapaa, mara likageuka kilimo cha zeituni, mara vita, mara kesi mahakamani, na muda wote lilimsemesha mchezaji kwa maandishi. Lilijua kwamba ni gemu. Mongia alipoanguka paani mara ya kumi na tano, likaandika: "Mimi niliumbwa niwe mgumu. Wewe sijui una kisingizio gani."

Mongia akacheka mpaka mshono ukamuuma. "Lina mdomo, hili."

"Mtu mzima wa miaka sitini na mitatu anagombana na runinga," alisema mumewe Hédi. "Hivi nilioa nini mimi?"

"Ulioa mtu asiyeshindwa. Niletee chai."

Wiki ya tatu akaingia chumba kilichojaa barua. Zilikuwa za watu aliokwisha kukutana nao humo ndani: wakulima, askari, mahakimu. Hazikuwa na anwani. Gemu likaandika: "Haya ni mapambo. Yachome, twende vita vya mwisho. Kila mtu huyachoma."

"Choma, mama," alisema Yosr, ambaye alikuwa amelimaliza mara mbili. "Humo hamna kitu."

Mongia akaiweka pedi mapajani. "Wewe ulichoma barua za watu?"

"Si watu. Ni gemu, na lenyewe linasema."

"Linavyosema ni shauri lake. Mimi sichomi."

Akaomba daftari, akaanza kuzisoma moja moja. Aliyelalamikia kisima kikavu alikuwa anamwandikia jirani yake wa shambani. Mwenye herufi za kuyumba alikuwa askari aliyejeruhiwa mkono, na barua yake ilikuwa ya hakimu. Mongia akarudi mapaani, mashambani, vitani, akigawa. Gemu likamkejeli: "Hakuna zawadi. Naapa, sikuwekewa zawadi." Kesho yake: "Bado upo tu?" Alipofikisha barua ya mia na hamsini, likaacha kejeli. Likawa linaandika idadi iliyobaki, basi.

Siku ya kumi na moja akaikabidhi ya mwisho, ya mia mbili na kumi na mbili. Kioo kikawa cheusi.

"Umeliua," alisema Hédi.

Kisha mlango ukafunguka kwenye ua mdogo. Watu wote wa gemu walikuwa wamesimama humo, kila mmoja na barua yake, wakisomeana. Chini pakaandikwa: "Niliagizwa nikudanganye. Nisamehe."

Yosr alikuwa hajawahi kuuona ua huo. Alipiga picha kwa simu, akawatumia vijana wa Gabès, na haikupita saa moja Skander, mkubwa wao, akapiga simu.

"Mama Mongia, mwaka na miezi minne tunangoja mtu aufungue mlango ule. Wenzangu walitaka tuuondoe."

"Mngeuondoa ningewafuata huko huko na goti langu hili."

Majira ya kuchipua walimwalika Tunis, kwenye mkutano wa watengenezaji wa magemu. Ukumbi mzima wa vijana ulisimama alipoingia. Mmoja akamuuliza kwa nini hakuliamini gemu.

"Mabosi sita wa posta waliniambia barua isiyo na anwani ni takataka," alisema. "Hilo gemu lilikuwa bosi wa saba."

Nyuma kabisa, Hédi, ndani ya koti lake la sherehe, alimgeukia mtu asiyemjua. "Yule ni mke wangu," akasema, ingawa hakuwa ameulizwa.

Siku hizi vijana wa Gabès humletea Mongia kazi zao kabla ya mtu mwingine yeyote. Ya mwisho ameirudisha na makosa arobaini na matatu. Arobaini na mawili wameyasahihisha. Lililobaki bado wanabishana naye, na yeye hana haraka.