Mfuko Ndani ya Koti la Baba

Baba aliwekewa mpira wa mkojo miaka ile ambayo mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, na wazee wa Maretadu wakiulizwa wanatoka mkoa gani wanajibu Arusha. Tezi dume ilikuwa imembana mpaka mkojo ukagoma kabisa. Hospitali walisema anahitaji upasuaji, lakini bingwa wa kazi hiyo hakai pale, huja kwa zamu. Basi mzee arudi nyumbani na mpira wake na mfuko wake, asubiri. Akirudi na homa hawatampasua. Hilo niliambiwa tena na tena mpaka nikaudhika: homa, hakuna upasuaji.

Niliambiwa mimi kwa sababu niliyekuwepo ni mimi. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kaka zangu wamemezwa na machimbo, na mdogo wetu, kitinda mimba, alikuwa Babati anajifunza cherehani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale pale kijijini, sina mume, nina mdomo. Kazi ikaniangukia.

Muuguzi aliyetufundisha alikuwa mama mmoja wa Tanga, amejitanda ushungi, mpole, Kiswahili chake kinateleza. Baba alijua Kiswahili cha mnadani tu, cha kuuza ng'ombe na kununua chumvi, kwa hiyo kila alichosema yule mama ilibidi nikigeuze Kiiraqw. Akasema pale mpira unapoingilia paoshwe kwa maji na sabuni kila siku. Pale pana jina. Sikuwahi kulitamka mbele ya Baba tangu nizaliwe. Nilitazama ukuta nikalisema, na Baba akatazama ukuta wa pili. Nilihisi kitu ndani yangu kinaingia ganzi. Ganzi ile haikutoka, na sikuomba itoke, maana bila hiyo nisingeiweza kazi.

Kazi yenyewe si ngumu. Unanawa mikono kwa sabuni kabla, unanawa tena ukimaliza. Mpira na mfuko huvitenganishi ovyo, maana ukivitenganisha tu umewafungulia wadudu mlango. Unamwaga kwa kile kibomba cha chini kabla mfuko haujafurika, na kibomba kisiguse ndoo. Mfuko usilale sakafuni. Mgonjwa anywe maji mengi. Na kubwa kuliko yote, alisema yule mama huku amenishika kiganja, mfuko ukae chini ya kiuno saa zote, awe amelala, amekaa au anatembea. Ukiupandisha, mkojo uliokwisha kutoka unarudi ndani na uchafu wake. Nikageuza Kiiraqw. Baba akaitikia kwa kichwa. Amelima kwenye miteremko maisha yake yote, hakuhitaji kuambiwa mara mbili maji yanaelekea wapi.

Nyumbani utaratibu ulijipanga wenyewe bila mtu kuuzungumza. Asubuhi kabla ya shule naingia na beseni, na Baba anajifunika uso kwa kofia yake. Nasafisha, namwaga, nanawa. Mfuko niliufunga kwa kamba ya katani kwenye ubavu wa kitanda, chini ya usawa wa godoro. Mifuko mipya nilinunua Mbulu mjini kwenye maduka ya dawa ya watu binafsi, ambayo tangu biashara iachiwe huru yalikuwa yameota kama uyoga. Nikimaliza nasema, "Haya Baba, naenda shule," naye ananijibu kutoka ndani ya kofia. Majirani wakija kumjulia hali wanakuta blanketi limefunika kila kitu mpaka karibu na sakafu. Tulisema mzee anaumwa mgongo.

Ndipo habari ya bingwa kuja ikatufikia kupitia simu ya jirani, ile ambayo mtu hupanda nayo kilimani kutafuta mtandao. Nilifurahi, sitaficha. Wiki hiyo hiyo wazee wa Nambis, kijiji cha mchumba wa mdogo wetu, wakatuma mtu: wanataka kuja kumaliza maneno ya posa ya kitinda mimba. Nikamwambia Baba tuwaombe wasubiri mpaka apasuliwe. Akakataa katakata. Alisema binti haolewi kutoka kitandani, baba yake lazima asimame kwa miguu yake, aseme baraka na watu waitikie. Alisema kisu ni kisu, anaweza asiamke, na baada yake hakuna mzee mwingine wa ukoo aliyebaki wa kusimama. Na wakimkuta na mkojo wake unaning'inia hadharani, wale watu watamchukuliaje mtoto wake?

Nilikasirika, nikasema mengi. Nikamwambia akae kwenye kiti, mfuko tuufunge kwenye mguu wa kiti, blanketi lifunike magoti, nani ataona? Akaniuliza wakati wa baraka itakuwaje, asimame na kiti? Akauliza kama yeye ni ndama wa kufungwa kwenye kigingi. Akacheka mwenyewe, kicheko cha kwanza tangu tutoke hospitali, nami nikatoka nje kwa hasira nikaenda kukoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa.

Siku yenyewe alikataa maji tangu alfajiri. Alinyoa ndevu, akavaa koti lake zito jeusi la mtumba, lile la kanisani. Nilipoingia kumwambia wageni wamefika uani, nikaona mpira umepanda kutoka kiunoni kuelekea kifuani. Mfuko alikuwa ameutia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Baba," nilimwambia, "chini."

Akafunga vifungo, kimoja kimoja, akachukua fimbo yake akatoka kuwapokea wakwe.

Kwetu binti hampingi baba yake mbele ya wakwe. Akimpinga, posa imekufa hapo hapo na aibu anabaki nayo mdogo wake. Nikaandaa chakula, nikapiga magoti kuwanawisha wazee mikono, nikasema shikamoo kwa kila mmoja. Baba alikaa wima kutoka jua la utosini mpaka ng'ombe wanarudi. Alitania, aliuliza habari za mvua ya Nambis, alikubali hiki na kukataa kile kama mzee yeyote. Mimi sikusikia maneno. Nilikuwa natazama kifungo cha juu cha koti. Mwishoni akasimama, akasema baraka kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo, nao wakaitikia, na akina mama waliokuwa jikoni wakaitikia pia. Mdomo wangu uliitikia pamoja nao.

Walipoondoka tu nikamfungua koti. Nilipoushusha mfuko, mkojo ulikuja kwa kasi, mzito, rangi ya chai ya mkandaa, na Baba akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Hakujifunika kofia. Nikamwaga, nikanawa.

Kesho yake alianza kutetemeka. Nilimlundikia mablanketi yote ya nyumba na kitanda kikaendelea kugonga ukuta. Tulimpakia kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa vitunguu, mimi nikashikilia mfuko njia nzima, chini ya kiuno chake, kila shimo la barabara. Hospitali yule mama wa Tanga alitazama mkojo, kisha akanitazama mimi. Wakamtundikia dripu na dawa kali. Bingwa alifika, akapita pale kitandani, akasema na homa hii haiwezekani. Nilikuwa nimesimama hapo. Sikuhisi kitu, nilisema tu asante daktari.

Baadaye uchafu ukaingia kwenye damu. Baba akaniita kwa sauti ndogo, kwa Kiiraqw.

"Usijilaumu, mwalimu. Chini ya kiuno. Nilielewa siku ile ile, ulieleza vizuri."

Yule mama akauliza mzee anasemaje. Mimi niliyekuwa nimemgeuzia kila neno, hata lile la ukutani, nikamwambia, "Anashukuru."

Alifariki asubuhi, wodi ikiwa inapigwa deki. Tulimzika Maretadu, tumemvisha koti lake. Wakwe wa Nambis walikuja wote, wametoka nyumbani kwao gizani, wamebeba mahindi ya msiba. Mzee wao alinishika mkono hakuuachia. Alikuwa analia kweli.

"Juzi tu tumekaa naye kutwa nzima," alisema, "mzima kabisa, amenyooka. Mzee aliugua nini, mwanangu?"

Kitinda mimba alikuwa amesimama kando yangu, naye anasubiri jibu. Watu husema mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Homa," nikasema.