Mfalme Aliyeugua Miaka Mingi

Mume wangu alikipata kile kitabu sokoni Likasi, kwa mama muuza karanga, naye mama yule alikuwa ameshachana kurasa za mwanzo kufungia karanga zake. Alinunua karanga kwanza. Akala, akasoma karatasi iliyobaki mkononi, kisha akarudi kuuliza karatasi nyingine ziko wapi. Ndivyo mfalme wa Makedonia alivyoingia nyumbani kwetu: bila utoto, bila mama, tayari yuko juu ya farasi, anavuka maji na jeshi lake.

Jina la mfalme huyo watu wengi wanalijua. Sisi hatukulitaja. Ilikuwa miaka ile majina ya kizungu yalipokatazwa, na sisi wenyewe tulikuwa tumeyaacha majina yetu ya ubatizo. Mume wangu hakupenda matata. Alimwita Mufalme, basi. Makedonia tuliijua kutoka kanisani, na hiyo ilitosha.

Kazi yake ilikuwa katika kiwanda cha shaba, penye matangi ya asidi ambamo umeme wa bwawa la Mwadingusha huigandisha shaba kuwa mabamba. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya kampuni na akafia hapa. Yeye alizaliwa kambini, na Kasai hakuwahi kuiona. Alisoma kwa mapadri mpaka darasa la sita. Mimi sikufika huko. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa; Kifaransa nakisikia, kukisoma siwezi. Kwa hiyo yote ninayoyajua juu ya mfalme yule ni yale aliyoyasema mume wangu, na sithubutu kuapa kwamba yote yalikuwa sawa. Maneno mengine yalimshinda. Nilikuwa namwona akiyaruka.

Jumapili baada ya misa, wanaume wa mtaa wetu wa kambi walikuja kukaa kwenye kreti za bia zilizopinduliwa, nyuma ya nyumba, naye akawasimulia. Alichora njia ya jeshi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko langu. Niligomba, maana ukuta ule niliupaka chokaa mwenyewe, lakini njia ile iliendelea kurefuka, ikapita dirisha, ikakata kona. Mto mkubwa kule mwisho aliuita Lufira, mto wa kwetu, ili watu waelewe.

Mtani wake hakukosa hata Jumapili moja. Walifanya kazi zamu moja, na makabila yao yalitaniana tangu zamani.

"Weye, mufalme yako alizaliwaka na ndevu?" aliuliza siku ya kwanza. "Mama yake ni nani? Ao balimutosha mu kartoni, kama sabuni?"

"Mama yake, bantu banamukula na karanga," mume wangu akajibu, na watu wakacheka mpaka jirani akachungulia.

Siku waliyoipenda kuliko zote ni ile askari walipofika kwenye mto na kukataa kuvuka.

"Miaka munane banatembea," mume wangu alisema.

"Bila konje, bila likizo?"

"Bila konje."

"Na babibi zabo?"

"Balibakia kule Makedonia."

"Minye ningekatala mwaka ya kwanza!" mtani akapaza sauti, akapiga kreti kwa kiganja.

Kulikuwa na mzee mmoja pale, mstaafu, aliyeletwa kutoka Kasai pamoja na baba mkwe wangu. Alikuwa haongei. Siku hiyo alisema, "Banafanya muzuri. Muntu anapashwa kurudia kwabo."

Mfalme akarudi nyuma na jeshi lake, akafika Babeli, akashikwa na homa. Jumapili hiyo alikuja mtu wa chama. Ndiye aliyetufundisha nyimbo na ngoma za chama katika mtaa wetu, na kuandika nani hakuja kucheza. Alivuta kreti, akaketi kama wengine. Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko, nachambua maharage.

"Homa?" mtani alikuwa anasema. "Habakukuwa na dawa ya kinini?"

"Kinini ilikuwa haiyazaliwa."

"Na dispansere?"

"Hapana."

"Basi atakufa, maskini."

Mtu wa chama akauliza kwa sauti ya upole, akimwita raia kwa Kifaransa kama chama kilivyotaka, "Citoyen, mufalme akikufa, nani anamufwata?"

Sote tulijua kwamba mfalme anayeulizwa sasa ni mkuu wa nchi yetu. Mume wangu alikitazama kitabu, ingawa ukurasa ule alikuwa anaujua kwa moyo. "Ntaangalia," alisema.

"Na kama hakuna mwenye kumufwata?"

Maharage yalikuwa mkononi mwangu na sikuyamwaga, niliyashika tu. Yule mtu alisimama, akapangusa suruali yake, akasema kama anamshauri ndugu yake: "Hadisi ya mufalme muzima ni muzuri. Uachie palepale."

Mtaani kwetu kulikuwa na mwanamke ambaye mume wake aliondolewa kwa neno dogo kuliko hilo. Alipeleka chakula ofisi ya usalama kila siku, wakakipokea, na hakuna aliyemwambia kama mwenyewe anakila. Mume wangu alikitia kitabu sandukuni.

Jumapili iliyofuata wanaume walikuja. Waliketi. Mtani akauliza, "Mufalme anaamukaje?"

"Angali na homa," mume wangu akasema.

Ikabaki hivyo. Miaka. Watu waliulizana njiani, walipopishana zamu mlangoni pa kiwanda, hata wale ambao hawakusikia hadithi yenyewe: Mufalme anaamukaje? Angali na homa. Fundi mmoja alihamishiwa Kakanda, na aliporudi kututembelea alituambia kwamba hata kule wanasalimiana hivyo. Watoto wetu wawili walizaliwa na kuachishwa ziwa, na mfalme bado yuko kitandani. Unga wa mposho, ule wa kampuni, ulipungua, naye yuko kitandani. Mkaa wa ukutani ulifutika pale nilipoegemeza sufuria.

Wengine walizidi kucheka. Mimi niliacha, kwa sababu nilimwona mume wangu akifungua sanduku, akisoma kurasa za mwisho, midomo ikicheza, akifunga tena. Alitaka kuimaliza. Alitaka kama mtu anavyotaka kukohoa kanisani. Mara moja nilimwambia anisimulie mimi peke yangu. Akasema, "Ukiijua, siku moja itakutoka." Na nadhani alisema kweli, nilikuwa mama wa sokoni wakati ule, na maneno hunitoka.

Kisha akaanza kukohoa kweli. Daktari alisema kuna maji mapafuni, wakayatoa, yakarudi. Kabla ya Krismasi walimlaza. Mchana mmoja nilimpelekea uji, naye hakuugusa. Alitazama mlango, akaanza kusema kwa sauti ndogo, bila utangulizi, kana kwamba Jumapili ile ilikuwa jana.

Alisema askari walisikia uvumi kwamba mfalme wao amekufa na wanafichwa. Wakataka kumwona kwa macho. Milango ikafunguliwa, wakapita mmoja mmoja kando ya kitanda. Mfalme alikuwa hawezi tena kusema. Aliinua kichwa kidogo tu, akamsalimu kila mmoja kwa macho. Halafu akafa. Na nani amfuate, hakusema kwa namna ya kueleweka, na majemadari wake wakapigana.

"Sasa unajua," aliniambia. Nikamfuta mdomo. Sikumuuliza lolote.

Siku chache baadaye sauti yake ilikwisha. Wenzake walikuja moja kwa moja kutoka kazini, na buti, helmeti mikononi, nguo zimetobolewa na asidi. Muuguzi alisema wasijae chumbani, wapite mmoja mmoja. Wakapita. Yeye aliwainulia nyusi, kila mmoja kwa zamu yake, hata wale vijana ambao nadhani hakuwajua. Wao hawakuwa na habari wanafanya nini. Nilikuwa najua mimi peke yangu, nimesimama miguuni pa kitanda na bakuli la uji.

Mtani alikuja mwisho. "Mufalme anaamukaje?" alisema, akicheka kwa shida. Midomo ya mume wangu ilicheza. Jibu lenyewe halikutoka.

Asubuhi ya mazishi nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, kichwa nimefunga kitambaa, na wifi yangu kando. Mtani aliingia amevaa koti la mume wangu na helmeti yake, akajilaza mbele ya jeneza.

"Minye Mufalme!" alipiga kelele. "Miaka yote niko na homa, na nyinye munakunywa tu bia! Kinini yangu iko wapi?"

Watu walilia na kucheka pamoja. Mimi pia. Kisha akainuka, akamnyooshea kidole mtu wa chama, aliyekuwa kwenye kiti karibu na mlango.

"Weye citoyen, ulisema nisikufe. Angalia sasa."

Kicheko kilikatika. Mtani msibani hajibiwi kwa hasira, kila mtu alijua hivyo. Kila mtu alijua pia sheria ile nyingine, ya kutotaja kifo cha mkubwa. Naye mtani, nadhani kwa sababu aliogopa, aligeukia kwangu. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, weye ulikuwa naye kule hospitali. Mufalme alikufa namna gani?"

Wifi yangu alinibana goti. Nilimfikiria yule mwanamke na chakula chake. Lakini mume wangu alikuwa pale ndani ya mbao, na kumwondoa hapakuwa na mtu aliyeweza tena. Nikasema. Nilisema uvumi, na milango, na askari mmoja mmoja, na macho. Nilisema kwamba hakuonyesha nani anamfuata. Nilipofika penye macho, wanaume waliokuwa hospitali walitazamana, na kijana mmoja akatoka nje.

Mtu wa chama alikuwa ameweka kofia magotini. Alikuwa amezeeka, sikuwa nimeona hilo kabla ya siku hiyo. Aliizungusha kofia, akauliza:

"Na baaskari? Balirudia kwabo?"

Yule mzee wa Kasai akainua kichwa.

Nilitafuta ndani yangu. Nilirudi pale kitandani, kwenye uji, kwenye sauti ile ndogo. Ningeweza kusema ndiyo, na mzee angefurahi.

"Sijue, baba," nikasema. "Hakuniambia, na minye sikumuuliza."

Mtu wa chama akatikisa kichwa, akavaa kofia, akaenda kubeba jeneza pamoja na wengine. Wiki hiyohiyo ndugu za mume wangu walikuja kuchukua redio, baiskeli na sanduku. Kitabu kilikuwa ndani ya sanduku.