Nilisoma Wosia wa Shangazi, Nikamfanya Mke Wake Mfanyakazi

Admin, naomba ufiche jina langu na la kanisa langu, maana huku kwetu tunajuana mpaka kwa kikohozi.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nimeokoka, nina mume na watoto wakubwa, tunakuza chai upande wa Kapkatet. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo mnivumilie. Kanisani mimi ndiye kiongozi wa akina mama. Nataja hilo kwa sababu ndilo liliniponza.

Shangazi yangu, dada ya baba, alifiwa na mume mapema na hakujaliwa mtoto. Sisi Wakipsigis tuna mila ya nyumba kama hiyo. Mwanamke anaweza kuoa mwanamke mwenzake, si kwa mambo ya kitandani, ni ili wapatikane watoto wa kushika boma. Shangazi akaoa. Mke wake nitamwita Chelangat. Nilikuwa msichana wakati huo na nyama ya hiyo harusi nilikula. Ng'ombe za mahari niliziona zikiswagwa kupelekwa kwao, upande wa Mulot. Chelangat akazaa vijana wawili na mwanamume aliyekubaliwa na boma, kama mila inavyotaka, wakabeba jina la marehemu mume wa shangazi. Yeye ndiye amechuna ile chai miaka yote. Shangazi alipolazwa na ugonjwa wa sukari, mguu umeharibika, ni Chelangat alikuwa anamgeuza na kumwosha. Mimi nilikuwa naenda Jumapili na mkate, naomba, narudi kwangu.

Shangazi aliandika wosia kwa wakili, akanichagua mimi niwe msimamizi. Aliniambia, "Wewe unamwogopa Mungu. Hutageuza maneno yangu."

Baada ya mazishi familia ikataka wosia usomwe. Tulikuwa kwa hema, pasta ameketi mbele, akina mama wangu nyuma yake na vitambaa vyao vya kichwa. Hao ndio nimewafundisha miaka mingi kwamba ndoa ya namna hiyo ni giza ambalo tulishatoka. Nikafungua karatasi. Imeandikwa kwamba shamba la chai na nyumba ni za "mke wangu Chelangat na vijana wetu." Nilimwangalia pasta. Mdomo wangu ukasema, "mfanyakazi wangu Chelangat na vijana wake."

Nilijidanganya kwamba shamba bado ni lake, neno moja litamdhuru nini.

Hapo hapo akasimama mpwa wa marehemu mume wa shangazi, yeye ni mwalimu. "Mfanyakazi? Apewe shamba lote? Huyo alimchanganya mama mzee akiwa mgonjwa! Mfanyakazi hulipwa mshahara, harithi boma!" Watu wakaanza kunung'unika. Wazee waliohudhuria ile harusi wengi wameshakufa. Waliobaki waliniangalia mimi, wakanyamaza.

Chelangat alikuwa ameshika birika. Akaendelea tu kumiminia wageni chai.

Wageni walipoenda, tukiwa tunaosha masufuria, akaniuliza polepole, "Mama, hivyo ndivyo aliandika? Mfanyakazi?"

Chelangat hajui kusoma. Nikamwambia, "Ndiyo."

Akasugua sufuria moja muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe. Kumbe mke nilikuwa tu tukiwa wawili."

Ndugu zangu, tangu siku hiyo nikipiga magoti kuomba, hayo maneno ndiyo yananijibu.

Sasa huyo mwalimu amekuja kwangu. "Mama, hiyo karatasi kaa nayo tu kabatini. Sisi tutaenda kortini na barua ya chifu ya kututaja sisi warithi, kama hakuna wosia. Huyo na wanawe watarudi Mulot."

Nikamwambia hiyo ni dhambi. Akacheka. "Dhambi? Sote tunajua shangazi yako hangeandika mfanyakazi. Basi Jumapili simama uwaambie kiongozi wa akina mama alidanganya kaburi likiwa bado bichi. Mimi nitakuja kusikiliza, nitaketi kiti cha mbele kabisa."

Nikaenda kwa wakili mwingine, Kericho, nikamweleza kama vile ni habari za mtu mwingine. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajua ni mimi mwenyewe, halafu akasema, "Mama, msimamizi hana ruhusa ya kugeuza hata neno. Kazi yako ni kupeleka wosia kortini, kulinda mali isiguswe, na kuwapa warithi kilicho chao. Hukuchaguliwa kuhukumu ndoa ya marehemu. Na ndoa hiyo ya mila ndiyo nguvu ya huyo mama. Wewe ndiye umemnyang'anya."

Nikauliza kama naweza kujitoa. Akasema, "Kukataa kazi unaweza. Kuficha wosia huwezi. Na ukijitoa, hao watasemewa na nani?"

Nimekawia, nimeogopa. Wiki iliyopita mwalimu ameleta wachunaji wake shambani. Kijana mkubwa wa Chelangat alitaka kuwafukuza, mama yake akamshika mkono mbele yangu. "Wacha," akamwambia. "Sisi ni wafanyakazi."

Karatasi nitaipeleka kortini, hilo nimeshamwahidi Mungu. Wakininyang'anya uongozi kanisani, wacha wachukue. Kitu kinanitetemesha ni huyu mama. Nitamwangaliaje nimwambie kwamba shangazi alimwita mke mbele ya wakili, kwa jina lake, na ni mimi niliyeona haya? Amelia kwa ajili ya shangazi akidhani alikanwa, kumbe aliyemkana ni mimi niliyekuwa naosha masufuria naye.

Jana amenitumia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kimejaa, kama alivyokuwa akifanya shangazi akiwa hai. Kiko mezani, sijaweza kukigusa. Kesho lazima nikirudishe, na kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nyinyi wenye hekima huko nje, nishaurini. Nikifika mlangoni kwake, nianze na neno gani?