Waya nilichomoa mimi, lawama akabeba mama mkwe

Naomba mnifichie jina kabisa, maana mume wangu naye anasoma page hii. Nina miaka thelathini na mbili, mama wa watoto wawili, tunaishi Arua, karibu na mpaka wa Kongo. Kazi yangu ni kushona nguo nyumbani. Kwetu ni upande wa Kongo, mume wangu ni Mkakwa wa Koboko, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili, hata na mama yake. Huyo mama ndiye ananifanya nisione ladha ya chakula siku hizi.

Mume wangu ni mtu wa kompyuta. Barua pepe za watu wengi zinakaa kwenye mitambo ya kampuni kubwa za ng'ambo, lakini yeye alikataa. Alisema, "Barua ya watu wetu ikae kwetu." Akaweka mtambo wake mwenyewe pale sebuleni, kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana. Akawa anatunza barua za kikundi cha kina mama wafuga nyuki wa Dranya, za kliniki moja, na za vikundi vingine vidogo. Nilijivunia, sitawadanganya.

Lakini ule mtambo ulitula sisi. Umeme ukikatika, sola na betri zote ni zake, sisi tunakaa na tochi. Betri ikichoka, karo inangoja. Mara barua za wateja wake zinatupwa kwenye takataka huko zinakokwenda, eti hazijulikani zinatoka kwa nani, naye anashinda siku nzima akiwabembeleza watu asiowajua. Majirani wakanitania kwamba ameniolea mke mwenza. Siku ya ubatizo wa mtoto wetu kule Ombaci, ndugu zangu walivuka mpaka kuja kula na sisi. Simu yake ikampa taarifa kwamba mtambo umezimika. Akaacha sahani, akapanda boda, akaenda. Mjomba wangu akaniuliza mbele ya watu, "Bwana yako iko wapi?" Nilitazama chini. Ile aibu sikuitema.

Baadaye mama mkwe akaja kukaa kwetu, macho yake yana ukungu na hospitali ilikuwa imempangia upasuaji. Alilala sebuleni, karibu na ule mtambo. Ni mama mpole, ananiita binti yangu, hajawahi kunionyesha kwamba mimi ni mgeni.

Siku moja mume wangu alikwenda Koboko kwa kazi. Umeme haukuwepo, na mteja alikuwa anangoja gomesi yake, gauni la sherehe. Nikachomoa waya wa mtambo kwenye betri, nikachomeka cherehani yangu ya umeme. Ndugu zangu, cherehani ya miguu ilikuwa pale pale na ilikuwa nzima. Ningeweza kuitumia. Nilichomoa kwa hasira, na nilipouona ule mtambo umenyamaza nilifurahi. Mama mkwe alikuwa nje na watoto.

Nilipomaliza kushona nikarudisha waya. Mtambo haukuwaka. Ulilia tu kama kifaranga, ukanyamaza.

Mume wangu alirudi, akahangaika nao mpaka akakaa chini sakafuni. Kuzimwa ghafla kuliharibu mahali barua zinapokaa. Alikuwa na diski ya kuwekea nakala, lakini ilikufa zamani na mpya hatukuwa tumenunua. Barua zote za watu zimepotea. Kina mama wa Dranya walikuwa na makubaliano yao yote na mnunuzi wa asali humo.

Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani aligusa waya?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, mama mkwe akajibu, "Mwanangu, naona ni mimi. Nilikuwa natafuta pa kuchaji redio yangu. Macho hii haioni tena muzuri."

Mume wangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, lakini nilikuambia." Akatoka nje.

Nami nikafunga mdomo wangu.

Mama alikunja nguo zake, akasema anarudi Koboko, hataki kuharibia mtoto wake kazi. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Siku ya upasuaji ikapita bila yeye. Tukimpigia simu anasema, "Hii ni uzee tu, muniache."

Mume wangu amezunguka kwa wateja wake kuomba radhi, wengine wamemtukana. Jioni moja akaniambia, "Afadhali ni Mama, alikosea bila kujua. Kama ni mutu alifanya kwa kusudi, singeweza kulala nyumba moja naye." Kisha akanishika mkono, akanishukuru kwa kumvumilia. Nilitamani ardhi inimeze.

Wiki iliyopita nilikwenda Koboko kumwona mama. Alinimiminia chai, ikapita kando ya kikombe ikamwagika mezani, na yeye hakujua. Nilipoaga akanipa kuku jike amefungwa miguu. "Pelekea mwanangu. Umwambie hasira yake ipungue."

Nilimfikishia. Mume wangu alipoelewa ni kuku wa nini, alilia mbele ya watoto. "Mama yangu ananiomba msamaha mimi?" Anasema Jumamosi anakwenda mwenyewe kumrudisha, apate hospitali. Lakini mama amesema kwa simu kwamba hakanyagi tena nyumba aliyoiharibu.

Najua neno moja tu kutoka kwangu lingemleta. Najua pia neno hilo linaweza kunitoa mimi na kuniacha bila watoto. Kila siku ninayonyamaza, macho yake yanazidi kufifia.

Dada zangu, kaka zangu, nitukaneni lakini mnishauri pia. Nianze kumwambia nani, mume au mama? Na nitaanzaje?