Mchanga Ulipofika Dirishani kwa Shangazi

Shangazi Mariamu hapigi simu ovyo. Alhamisi alipiga, akasema, "Njoo uione nyumba yangu kabla haijaanguka." Nikaomba ruhusa shuleni Ikungi, ninakofundisha jiografia.

Ijumaa alfajiri nilipanda basi hadi Singida, nikaunganisha hadi Ulemo. Hapo nikachukua bodaboda kuteremka bondeni, Ziwa Kitangiri. Upepo ulinipiga usoni njia nzima.

Saa saba mchana nikafika. Mama yangu! Mchanga umefika dirishani! Ukuta wa upande wa ziwa ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Zunguka nyuma, mlango wa mbele haufunguki tena."

Nikazunguka. Pale mbele palikuwa na uzio mnene wa minyaa. Mwaka juzi mimi ndiye niliyemwambia tuukate apate kuliona ziwa, na panga nilishika mwenyewe.

Alasiri tulishuka ufukweni. Mawimbi yalikuja kimshazari, kila moja likiacha mchanga wake. Jua linaukausha, upepo unaupeperusha. Zamani ulikwama kwenye minyaa, ukajenga tuta hapo hapo. Sasa hakuna cha kuuzuia mpaka ukuta wa shangazi. Jamani, haya yote nayafundisha kila mwaka, kwa mchoro na mishale!

Jumamosi asubuhi tulikuwa tukichomeka vipande vya minyaa pale ulipokuwa uzio, tukikwepa utomvu usituingie machoni. Jirani, Mzee Shabani, akapita. Nikamwamkia, akaitikia.

"Hivi uzio wa kwanza ulikwenda wapi?"

"Mchwa," shangazi akajibu haraka.

"Kila siku mchwa! Mchwa gani wanakula minyaa?"

Kumbe shangazi alikuwa akinifichia kosa langu muda wote huo. Aibu ilinishika.

"Ni mimi, mzee. Niliukata mimi."

"Wewe? Mwalimu?"

"Mimi, mzee."

Mzee akalaza fimbo yake chini, akaokota kipande cha mnyaa akaanza kuchomeka. Shangazi alijifuta uso kwa khanga.

Jumapili nilirudi Ikungi. Ukuta ule hauponi; shangazi amehamia chumba cha nyuma, na minyaa itachukua miaka kufunga.

Jumatatu nilifuta mishale yangu ubaoni. Nikachora ziwa, nyumba yenye mchanga dirishani, na mtu mwenye panga. Mwanafunzi akauliza huyo ni nani.

"Mwalimu wenu," nikasema.

Darasa zima likacheka. Nikasubiri wanyamaze, kisha nikaanza kuwasimulia.