Wa Kutuambia Inatosha

Kipindi kile vyuo vimefungwa kwa ajili ya korona na ofisi yetu imeturudisha nyumbani, nilikuwa nashinda kwenye kibanda cha chai cha mama mmoja kule kijijini Olmotonyi, barakoa ikining'inia kidevuni. Siku moja binti akapita akikimbia. Chapati yangu haijapoa, akapita tena. Mara ya tatu alikuwa anachechemea.

"Mwanariadha wa chuo huyo," mama akaniambia. "Tangu asubuhi ni hivyo hivyo."

"Anajiandaa na mashindano gani?"

"Mashindano si yamefutwa yote?"

Nikamalizia chai yangu. Binti alipotokea tena, mama akatoka nje na mwiko wake mkononi. "We mwanangu! Inatosha!"

Akasimama papo hapo, akainama, mikono magotini. "Asante, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Nikamuuliza kwa nini hakusimama mwenyewe mguu ulipoanza kuuma. Akanitazama kama vile mgonjwa ni mimi.

"Wa kusema inatosha ni kocha, na kocha yuko kwao. Nikikaa ndani silali, nawaza tu. Hata sijui nawaza nini."

Miaka yote nilijua kocha kazi yake ni kuwakimbiza watu. Sasa nikawa sielewi. Nikaomba chai nyingine ili nilifikirie vizuri jambo hilo.

Mama akakichukua kikombe changu, akakifunika.

"Na wewe baba, inatosha. Nenda nyumbani."